Tumbo Halikuambiwa

Machi 4
Tumbo: 104.

Muuguzi wa daktari wa upasuaji alinipa karatasi. Kabla ya kuonana na daktari niandike kila siku nimekula nini, nimepima ngapi, najisikiaje. Karatasi ilidondoka kwenye dimbwi mlangoni pa duka na kugeuka uji. Kwa hiyo naandika humu, kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja, ambako mwenzangu wa dukani hafiki. Yeye hapimi mtu. Kazi yake ni mashine ya ovaloki, kukata na kufunga kingo za nguo, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Ovaloki. Pia kwa sababu mdomo wake unakwenda kasi ileile.

Nimekula: chai, mkate, maharage. Najisikiaje: nimesema uongo.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza. Matroni wa bweni la wasichana aliingia kuleta oda ya sare, sketi sitini na mashati sitini. Nilikuwa nimesimama, futi shingoni. Akanitazama, akanipapasa tumbo bila kuomba ruhusa, kama mtu anayechagua tikiti. "Hongera, fundi! Mwezi wa ngapi?"

Swali hilo nimelijibu kwa kila namna. Nimecheka. Nimesema nimeshiba. Nimesema ni gesi. La kweli sijawahi kumwambia mtu wa nje, kwa sababu najua mwisho wake mimi ndiye nitakayembembeleza yeye. Leo nilichoka. Nikasema, "Wa saba."

Akafurahi kweli, si kwa adabu tu. Akaniambia niinue miguu ninapokaa.

La kweli ni hili. Miaka miwili iliyopita nilibeba mapacha, wasichana, miezi minane na siku nne. Walitoka hawapumui. Wao walitoka, tumbo halikuambiwa. Limebaki palepale, linawasubiri.

Na kibaya zaidi, matroni ni rafiki wa siku nyingi wa mama mkwe wangu. Mama mkwe alikuwa mpishi wa bweni hilohilo mpaka alipostaafu. Nilijua hilo, na bado nikasema.


Machi 5
Tumbo: 104. Mvua. Sketi nane.


Machi 9
Tumbo: 104, na daktari naye amepima 104, kwa hiyo mkono wangu bado ni mzuri.

Daktari wa upasuaji ni mtu mfupi mwenye kucha safi. Akanilaza chali, akaniambia niinue kichwa kana kwamba nataka kuona vidole vyangu vya miguu, akabonyeza katikati ya tumbo, juu ya kitovu. Vidole vyake vinne vikazama.

"Misuli imeachana," akasema. "Ndiyo maana tumbo linakaa mbele hata ukifunga kula mwezi mzima."

"Yaani nguo haijachanika. Mshono ndio umefumuka."

Akacheka. "Ungefaa kuwafundisha wanafunzi wangu."

Akachukua karatasi akachora. Upasuaji wa kukaza tumbo ni wa aina mbili. Kuna mdogo: anakata mstari mfupi chini ya kitovu, anaondoa ngozi iliyolegea huko chini, anashona. Kitovu hakiguswi na juu yake hakiguswi. Na kuna kamili: anakata kutoka nyonga hadi nyonga, anainua ngozi yote mpaka karibu na mbavu, anashona misuli kutoka juu hadi chini, anaivuta ngozi, anakata inayozidi, kisha anatoboa mahali papya pa kitovu kutokea.

"Kama tundu la kifungo," nikasema.

"Kama tundu la kifungo."

Kwa hiyo mdogo ni kupandisha pindo, na kamili ni kufumua gauni zima. Nilielewa bila shida. Halafu akauliza, kalamu mkononi, "Umemaliza kuzaa?"

"Sijaanza," nikamwambia.

Akaiweka kalamu chini. Akasoma tena faili langu, akafika penye mapacha. Akaniambia mimba baada ya upasuaji kamili haitaniua, lakini itafumua kila alichoshona, na ndiyo maana huwauliza wanawake wote. Nikamuuliza kuhusu ule mdogo. Akasema mdogo hautakuwa na kitu cha kufumuliwa, anayetaka kuzaa aghalabu huchagua huo au husubiri.

"Lakini nitakuwa mkweli, fundi. Tumbo lako linaanzia juu. Mdogo hautawazuia watu kukuuliza."

Nina miaka arobaini na moja. Daktari wa akina mama alishatuambia kwamba uwezekano wa mimba nyingine upo, ila ni mdogo. Kila kitu changu siku hizi ni kidogo isipokuwa tumbo.


Machi 10
Tumbo: 104.

Nimemwambia mume wangu wakati wa chakula cha jioni. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, anasikiliza injini kuliko watu.

"Kuna mdogo na kuna kamili," nikaanza.

"Mdogo," akasema, tonge likiwa bado mkononi.

"Hujui hata tofauti."

"Upasuaji mdogo si ndio usio na hatari? Hilo neno kamili linatisha."

Nikamweleza yote, mpaka la kufumuka. Alikula polepole mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema, "Basi ndiyo kabisa uwe mdogo. Tusijifungie mlango, mke wangu."

"Mlango gani? Miaka miwili hakuna aliyepiga hodi."

"Hodi haipigwi kila siku."

Akainuka, akaenda kile chumba kidogo kutafuta kifaa. Tulikipaka rangi ya njano kabla mapacha hawajatoka. Sasa kimejaa mashine za friji mbovu, na hatukiiti kwa jina lolote. Ni "kule."


Machi 13
104. Mvua, umeme umekatika mara tatu. Hakuna kilichokauka.


Machi 17
Tumbo: 103. Nimemwambia Ovaloki, kwa sababu nikilazwa yeye ndiye atakayeshika mkasi.

Nilisema hivi, nakumbuka vizuri: "Nakwenda hospitali kupunguza tumbo."

"Kulipunguza au kulitoa?"

"Ndiyo sijaamua. Kuna mdogo, kuna kamili."

"Toa lote, dada! Uache nusu ya nini? Nguo ya kubana ukaiweke wapi?" Akabonyeza mashine yake, mashati yakaanza kukimbia. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.


Machi 23
Sikupima.

Nitaandika yote kwa mpangilio, la sivyo kesho nitaanza kujitetea.

Asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nikipima urefu wa sketi kwa mteja, midomo imebana pini. Mume wangu akatokea mlangoni pa duka. Hajawahi kuja dukani mchana. Alikuwa amelowa, kipimo chake cha gesi kinaning'inia shingoni, ametoka mbio katikati ya kazi ya watu. Na uso wake. Niliwahi kuuona uso huo mara moja tu, siku ile mashine ya kutazama watoto tumboni ilipoonyesha vichwa viwili.

Akanivuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nini?"

"Mama amenipigia. Mwezi wa saba! Nalala kando yako kila siku nikidhani ni lile tumbo la zamani, kumbe..." Alikuwa anacheka na machozi yamemjaa. Akaweka mikono miwili tumboni kwangu, juu ya pini nilizochomeka kwenye aproni, zikamchoma, hakujali. "Na hilo lingine la kutoa, nimemwambia Mama ni umbea. Wewe huwezi."

Ilinichukua muda kuelewa jinsi ilivyokuwa. Matroni alipiga simu dukani kuulizia sare, mimi nikiwa sokoni kununua vifungo. Ovaloki akapokea, akamwambia kwa mdomo wake wa kasi kwamba fundi ana mambo mengi, anakwenda kutoa tumbo. Yeye alikuwa na maana ya nyama na ngozi. Lakini matroni alilipapasa tumbo hili mwenyewe na akaambiwa ni la miezi saba, na tumbo la miezi saba likitolewa kuna maana moja tu. Akakimbilia kwa rafiki yake.

Yote hayo niliyaunganisha baadaye. Pale nyuma ya pazia nilijua jambo moja tu, kwamba lazima niuzime uso ule kwa mkono wangu mwenyewe.

"Hakuna mtoto," nikasema.

Hakusikia. Bado alikuwa anacheka.

"Matroni aliniuliza, nikamdanganya. Hakuna mtoto, mume wangu. Ni tumbo lilelile."

Aliondoa mkono mmoja, kisha wa pili. Akatazama kidole chake, kilikuwa kinatoka damu kidogo kwa pini. Akakifuta kwenye suruali. "Nimeacha friji ya watu wazi," akasema, akatoka kwenye mvua.

Mteja wangu alikuwa bado amesimama juu ya kigoda, sketi imechomekwa upande mmoja. Nikamalizia upande wa pili.

Nilipofika nyumbani saa kumi nilimkuta mama mkwe barazani, amelowa chepechepe, mfuko wa nailoni kifuani. Mume wangu alikuwa hajafika na hakuwa amempigia. Kwa hiyo mama huyu alikuwa bado anaamini yote mawili, kwamba mtoto yupo na kwamba namtoa.

"Shikamoo, Mama. Ingia ndani."

Hakuitikia. Tulipoingia alifungua mfuko, akatoa nguo ya kitoto, kifulana na soksi, akazipanga juu ya kochi. Nilizitambua. Alizinunua miaka miwili iliyopita, jozi mbili.

"Nimeleta moja tu," akasema. "Nyingine nimeiacha nyumbani nisije nikakuumiza."

"Mama, sikiliza..."

"Nisikilize wewe kwanza. Najua unaogopa. Ungekuwa huogopi usingelificha mpaka mwezi wa saba. Na lisemwalo lipo, usiniambie halipo."

Akashuka chini. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajanisifia hata chumvi, alipiga magoti kwenye zulia langu na maji yakimchuruzika.

"Usilitoe, mwanangu. Kama mwanangu amekukosea, nitamshughulikia. Kama umechoka na mimi, sitakanyaga hapa tena. Zaa tu. Hata usimtazame usoni, nikabidhi mimi. Nina nguvu bado."

Nilitaka kumwinua, hakuinuka. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo sijui kama nitajisamehe. Nikapandisha gauni mpaka kifuani, nikachukua mkono wake, nikauweka pale pale alipobonyeza daktari.

"Bonyeza, Mama."

Mkono wake wa mpishi, mzito, ukazama. Akabonyeza tena, pembeni, chini, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kisha akaacha.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna. Ninalotoa ni hili tu."

Alikaa chini vilevile. Baadaye akasema, "Lakini wa saba umesema mwenyewe. Kwa kinywa chako."

"Nilichoka kuulizwa, Mama."

"Kuchoka!" Hapo ndipo alipoinuka. "Mimi nimezika wawili kabla ya huyu mume wako. Hukuwahi kuambiwa, kwa sababu sikuwahi kusema. Nimechoka miaka arobaini na tano. Lakini sijawahi kuchoka mpaka nikazaa mtoto kwa mdomo."

Akakunja nguo zile, kifulana, soksi moja, soksi nyingine, akazirudisha mfukoni. Chai niliyomtengea haikuguswa. Mvua ilikuwa inamwagika, nikamwomba asubiri. Hakusubiri.

Miaka kumi na miwili nilidhani mwanamke huyu ni mkavu kwa sababu hakuumbiwa huruma.


Machi 24
Sikupima. Ovaloki amelia mpaka kamasi. Nimemwambia si kosa lake, neno lilikuwa lake lakini tumbo la miezi saba lilikuwa langu. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa ni changu.


Machi 28
104. Mvua. Mume wangu anakula, anaosha sahani yake, anasema asante.


Aprili 2
Tumbo: 104.

Mama mkwe amepiga simu. Hakuuliza hali.

"Nimemwambia rafiki yangu kwamba la kutoa ni umbea. Nimemwambia tumbo lipo na mwenyewe upo."

"Mama, lakini..."

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mkwe wangu ni mwongo? Mzigo umeubeba mwenyewe, utajua mwenyewe pa kuutua."

Nilishukuru. Sikujua kama alinilinda mimi au aliulinda uso wake. Siku hizi naona labda kwake ni jambo moja.


Aprili 8
Tumbo: 103. Nimekwenda kusaini. Mdogo.

Mume wangu hakunilazimisha. Angenilazimisha ingekuwa rahisi, ningegombana naye. Alikaa tu kando ya kitanda asubuhi akifunga kamba za viatu, akasema bila kunitazama, "Siku ile nilikuwa na mtoto kwa dakika kumi. Kutoka kazini mpaka dukani kwako. Nilishampa na jina."

Baada ya hapo ningesemaje kamili?

Daktari alisoma fomu, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akasema sawa, tarehe sita Mei.


Aprili 15
104. Mashati kumi na moja. Ukungu umeota kwenye kitambaa cheupe, nimelazimika kukifua upya.


Aprili 22
104. Mwanamke mmoja benki amenipisha mbele ya foleni. Watu wote walikubali. Nimepita mbele, nimesema asante.


Aprili 27
Tumbo: 104. Matroni alikuja kuchukua sare. Nilimwona tangu mbali, nikajifungia chooni mpaka alipoondoka. Nilisikia akimwambia Ovaloki, "Mwambie apumzike, siku zake zimekaribia." Na Ovaloki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu.


Mei 5
Kesho. Nisile tangu jioni. Mvua tu.


Mei 10
Naandika nimeegemea mito mitatu, mwandiko ni wa kilema.

Asubuhi ya tarehe sita mume wangu alikaa kwenye benchi la nje na chupa ya chai asiyoifungua. Muuguzi aliniingiza chumba chenye kioo kirefu. Daktari alikuja na kalamu nene. Kuchora hufanywa umesimama, kwa sababu tumbo likilala linadanganya, na hilo nalo nilijua kwa nguo. Akachora mstari mfupi chini, shubiri moja na kidogo. Kalamu ilikuwa baridi.

Nikatazama kioo. Mstari ulikuwa huko chini, mdogo, safi. Juu yake lilikuwepo tumbo lote, miezi saba kamili, kama mwenye nyumba aliyeambiwa kwamba kitakachotengenezwa ni kizingiti tu.

"Daktari, ukinikata hapa, wataendelea kuniuliza?"

"Nilikuambia. Wataendelea."

Miaka mingapi? Kwenye foleni, dukani, kwenye misiba ya watu. Kila mgeni ataniwekea kiganja na kunipongeza kwa watoto wangu waliokufa. Na kule nyumbani kuna mtu aliyekaa na mtoto dakika kumi, naye angeendelea kunitazama tumbo kila mwezi akisubiri hodi. Si yeye anayelibeba.

"Futa," nikasema.

Hakufuta. Akaniambia amekwisha kuona watu wakibadili nia kwa woga, akanipa nusu saa na fomu mpya. Aliuliza, "Mume wako anajua?"

"Atajua."

"Sahihi ni yako wewe. Lakini yuko hapo nje, hatua ishirini."

Nilikaa na fomu ile nusu saa nzima. Hatua ishirini. Nilimsikia hata akikohoa. Ningemwita angekuja, angesema neno moja kwa upole, na mimi ningerudi kwenye mstari mfupi. Kwa hiyo sikumwita. Hilo ndilo kosa langu, na nalijua kwa umbo lake lote. Nilisaini. Daktari akafuta kwa spiriti, akachora upya, nyonga hadi nyonga. Kisha nusu kaputi, na dari ikaondoka.

Walimwambia itachukua saa moja na nusu. Ilichukua tatu na zaidi. Naye ni fundi, anajua kuhesabu muda wa kazi. Nilipozinduka alikuwa kando ya kitanda, chupa ya chai bado imefungwa.

"Umefunga mlango," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Ningekataa, lakini ungeniambia."

Nilitaka kulia, mshono haukuniruhusu. Kila kitu kilivuta.


Mei 13
Siwezi kusimama wima. Natembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mirija miwili inatoka ubavuni, inachuruza maji mekundu kwenye vichupa. Mume wangu ndiye anayevimwaga, asubuhi na jioni. Anaikamua mirija kwa vidole viwili, taratibu, bila kuniumiza hata kidogo, kazi yake ni mirija maisha yote. Anaandika kipimo ubavuni mwa boksi la dawa.


Mei 16
Vilevile. Mvua.


Mei 19
Ovaloki amekuja na mchuzi. Aliona sura zetu, mume wangu alipotoka akaninong'oneza, "Mficha uchi hazai, dada." Kisha akasikia alichosema, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikacheka. Niliumia vibaya sana, nikaendelea kucheka, naye akaanza kulia, na hatukujua tumalizie wapi.


Mei 25
Mirija imetolewa. Nimeoga mwenyewe na nimetazama.

Kovu ni refu na jekundu, linakwenda kama mpira wa kiunoni mwa sketi. Tumbo ni bapa. Michirizi yote ya chini imekwenda na ngozi yake, sijui waliitupa wapi, sikuuliza. Kitovu kipya ni kizuri kuliko cha zamani. Hakifanani na cha mtu aliyewahi kubeba chochote.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, kwa muda wa kujifuta maji. Kisha nikaweka kiganja, kwa mazoea, pale walipokuwa, na palikuwa pagumu, pakaurudisha mkono. Nimekaa sakafuni mwa bafu mpaka maji yakapoa.


Mei 30
Nimeamshwa na kelele za vyuma. Mume wangu alikuwa anatoa mashine za friji kule, moja moja, anazipakia kwenye mkokoteni kupeleka karakana yake. Alipomaliza akafagia, akapiga deki.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilizijaza ili tusikione," akasema. "Sasa hakuna haja."

Jioni akasema paa la mama yake linavuja, atakwenda wiki moja kulitengeneza. Alichukua begi la vifaa na begi la nguo. La nguo lilikuwa kubwa zaidi.

Chumba kiko wazi. Rangi ya njano haijapauka hata kidogo.


Juni 7
Wiki moja imeisha. Mvua imepungua, kwa hiyo paa siyo sababu tena. Anapiga simu kila saa kumi na mbili jioni kuuliza kama kidonda kimekauka. Nasema kimekauka. Anasema vizuri.


Juni 12
Nimerudi dukani. Gauni langu la zamani limenipwaya, nimelipunguza kiunoni kwa mikono yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu siku nzima. Ndicho nilichokitaka.


Juni 15
Simu ilikuwa ya mama mkwe. "Mume wako hali vizuri," akasema. Halafu, "Na wewe je, unakula?" Nikasema ninakula. Akasema uongo wangu anaujua sasa hata kwenye simu. Alikata, lakini hakukata kwa hasira.


Juni 20
Tumbo: 82.

Jua. Tumeanika vitambaa vyote nje.

Saa tano matroni akaingia. Safari hii sikumwona kabla. Akanitazama kutoka usoni mpaka kiunoni, akapiga makofi mlangoni palepale.

"Umejifungua! Na kimyakimya! Hata rafiki yangu naye kimya, nikimuuliza anabadilisha mazungumzo. Haya, mtoto gani?"

Nilikuwa sijalifikiria. Kwa miezi yote hii nimepima, nimechorwa, nimechagua, nimemdanganya mume wangu, ili swali lile life. Na sikufikiria hata mara moja kwamba tumbo la miezi saba likiondoka, watu watauliza limetoa nini.

Alikuwa amekwisha kutoa kitu mkobani. Kofia ya kitoto ya sufu, ya njano. "Nimefuma mwenyewe. Nilichagua rangi hii maana sikujua kama ni wa kike au wa kiume."

Mashine ya Ovaloki ilinyamaza. Akasimama, mdomo wazi, najua alikuwa anatafuta uongo wa kunifunika nao. Nikamwinulia mkono.

"Wasichana," nikasema. "Wawili."

"Mapacha! Mungu wangu! Wako wapi?"

"Walikufa. Miaka miwili iliyopita, kabla hawajapumua. Mwezi wa tatu nilikudanganya, hapakuwa na mtoto. Nililokuwa nalo ni tumbo lao tu, na sasa nimelitoa."

Matroni alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Kofia ilibaki magotini. Nilijiandaa kumbembeleza. Nilijiandaa pia atoke kwa hasira, mtaa mzima ujue ifikapo saa sita. Nje kitambaa kilikuwa kinapigapiga kwenye kamba.

"Mliwapa majina?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hospitali waliandika wa kwanza na wa pili. Mimi na mume wangu tulikuwa nayo, tuliyachagua kwenye kile chumba, na tangu siku ile hakuna kati yetu aliyeyatamka.

"Tuliwapa."

"Yapi?"

Nikamwambia. Humu siyaandiki, humu ni vipimo vya watu. Lakini niliyasema kwa sauti, yote mawili, mbele ya watu wawili, mchana. Matroni akayarudia, la kwanza, kisha la pili, polepole, kama anayehakikisha oda. Nyuma yangu nilimsikia Ovaloki naye akiyarudia.

Kisha matroni akaiweka ile kofia mezani, akaisogeza mbele yangu.

"Hii ni moja," akasema. "Nitafuma ya pili."

Tukahesabu sketi alizokuja kuchukua, za muhula mpya. Moja ilikosa kifungo, nikakishona hapohapo akisubiri.

Sasa imekaribia saa kumi na mbili. Simu iko mezani kando ya kofia. Mume wangu akiuliza kama kidonda kimekauka, leo nitamwambia hakijakauka.